UZI: Kinyonga hasemi anaumwa. Chakula, chokaa na daftari, kutoka Nakuru

Kimbu wa Bahati (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo.

Kinyonga wa kwanza niliyekabidhiwa alikufa baada ya miezi saba, na alikufa kwa makosa yangu. Naanza na huyo kwa sababu yote nitakayoandika hapa yametoka kwake.

Kwanza mjue niko wapi. Natunza vinyonga katika kituo kidogo cha wanyama watambaao nje ya mji wa Nakuru, kituo chenye kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Tafadhali msiruke neno hilo kibali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema kumweka mnyamapori hai bila kibali ni kosa, na kinyonga ni mnyamapori hata ukimkuta kwenye ua wa mvinje nyuma ya jiko lako. Mnakumbuka wale vijana wawili Wabelgiji waliokamatwa hapa hapa kaunti yetu mwaka wa 2025 na malkia wa sisimizi wapatao 5,000? Walipewa faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12. Kwa hiyo wenye kibali, au wanaofanya kazi penye kibali kama mimi, watapata hapa mambo ya kufuga. Wengine watapata mambo ya kutazama tu uani mwao, na kutazama hakuna anayekukataza.

Sasa yule wa kwanza. Alikuwa dume wa wale wenye kofia ya mfupa kichwani, kijipembe kifupi puani na ndevu za magamba kooni. Ndiye kinyonga wetu wa nyanda za juu. Jina lake la kitaalamu, Trioceros hoehnelii, ni kwa heshima ya Ludwig von Höhnel, yule Mwaustria aliyepita Bonde la Ufa pamoja na Teleki mwaka wa 1887 na 1888. Mkulima alikuwa anakata ua, panga likamgusa mkia, akamleta kituoni ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Kidonda kilipona upesi. Nami nikaona kazi imekwisha, kwa kuwa alikuwa anakula.

Kila asubuhi nilimpa nyenje sita, saba. Kizimba nilikiweka karibu na dirisha kubwa ili jua la asubuhi limfikie kupitia kioo. Mwezi wa nne au wa tano akaanza kukosa shabaha. Ulimi unatoka, unaishia njiani, anarudia mara ya pili, ya tatu. Nikajiambia amezeeka. Baadaye mkono wa kushoto ukaanza kupinda kama waya. Daktari wa mifugo alipomshika taya, liliingia ndani kwa kidole.

Daktari akaniuliza maswali matatu. Hawa nyenje wako wanakula nini? Jua linampata wapi? Ulimi ulianza kukosa lini?

Mawili ya kwanza niliyajibu vibaya. La tatu sikuweza kulijibu kabisa, maana hakuna mahali nilipokuwa nimeandika. Nilikuwa namwona kila siku na simjui.

Ugonjwa ule ni matege, yale yale tunayoyajua kwa watoto. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula, unaichota mifupani. Na hata kalsiamu ikiwepo, haiingii mwilini vizuri bila vitamini D3, ambayo ngozi huitengeneza kwa miale ya jua ya urujuanimno, ile aina ya UVB. Kioo cha dirisha kinazuia karibu miale yote ya aina hiyo. Mnyama wangu alikuwa anaota joto la jua kila asubuhi, lakini jua lenyewe hakulipata.

Kesho naandika juu ya chakula.

Mahindi Njoro

Pole sana ndugu. Mimi nalima mahindi na viazi huku Njoro na vinyonga nilikuwa nawaona wengi kwenye ua nikiwa mtoto. Siku hizi wamepungua sana upande wangu. Swali: mtu mwenye kibali akiwakamatia panzi shambani si ni bure na ni chakula cha asili?

Kimbu wa Bahati

Ndugu wa Njoro, panzi wa shambani ni chakula kizuri mno, kama shamba halijapigwa dawa. Shida ni kwamba panzi aliyepigwa dawa jana leo bado anaruka, ila polepole, na huyo ndiye anayekamatika kwa urahisi. Mimi nakamata kwenye nyasi za kituo tu, ambako najua hakuna aliyepita na bomba la dawa, na hata jirani akipulizia viazi vyake nasimama wiki kadhaa. Pengine hata hao unaosema wamepungua kwako, tuanze kuulizia hapo hapo kwenye bomba.

Wapo pia wadudu ambao sitoi hata wakiwa safi. Vimulimuli, kamwe. Wapo wenye sumu ya moyo, na kuna aina ambazo mmoja tu ametosha kumuua mjusi mkubwa kuliko kinyonga wetu. Panzi wazito wenye rangi kali na harufu mbaya, wale wasiokimbia hata ukiwakaribia, sitoi. Viwavi wenye manyoya sitoi. Na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayetuchoma ngozi msimu wa mvua, tunayemwita Nairobi fly, simwachi hata atambae kizimbani.

Sasa chakula chenyewe. Kinyonga hali nyenje tu. Anakula nyenje pamoja na kile kilichomo tumboni mwa nyenje. Ukimpa nyenje aliyeshinda njaa kwenye ndoo siku tatu, umempa ganda na maji. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kuwatoa, nyenje wangu wanakula kuliko wageni wa harusi: sukuma wiki, karoti iliyoparuzwa, viazi vitamu vile vya rangi ya machungwa, kipande cha papai. Spinachi naitumia kidogo sana, maana ina asidi ya oksaliki inayoifunga kalsiamu isitumike.

Hata akishiba namna hiyo, nyenje bado ana kasoro yake ya kuzaliwa: fosforasi nyingi, kalsiamu kidogo. Mwili wa kinyonga unataka kinyume chake, kalsiamu ikaribie mara mbili ya fosforasi. Ndiyo sababu tunawapaka unga wa kalsiamu. Hapa nataka wenye haraka wasome taratibu. Agroveti ukiomba chokaa ya mifugo unaweza kupewa vitu viwili tofauti. Kuna chokaa yenyewe, unga wa mawe wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku, hiyo ni kalsiamu. Kuna na DCP (dicalcium phosphate), wanayopewa ng'ombe wa maziwa, na ndani ya DCP kuna fosforasi. Mimi nilitumia DCP kwa wiki kadhaa nikidhani nasaidia. Soma mfuko. Usipoelewa maandishi, chukua maganda ya mayai, yachemshe, yakauke vizuri, yasage, uchuje kwa kitambaa chepesi mpaka ubaki unga laini kama poda ya mtoto.

Nyenje watie kwenye mfuko na chembe ya unga, tikisa, wapate weupe kidogo tu. Wakitoka kama maandazi yaliyoviringishwa kwenye sukari, kinyonga ataonja mara moja kisha awakatae. Kalsiamu tupu natoa mara mbili kwa wiki. Unga wenye D3 na vitamini A natoa mara moja kwa mwezi, na kwa hawa wa milimani sizidishi, kwa sababu hizo vitamini mbili hukaa mwilini na zikizidi nazo ni sumu. Shingo ikivimba kama imejaa maji, jambo la kwanza ninalouliza ni kiasi cha unga wa vitamini.

Kiasi cha chakula: mtu mzima anakula siku moja, anapumzika siku moja, wadudu watatu mpaka watano. Mtoto anakula kila siku, wadudu wadogo wengi. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya kinyonga. Nami nabadilisha: nyenje leo, panzi keshokutwa, kisha nzi, nondo, na mabuu ya nzi askari weusi, wale BSF (black soldier fly) wanaofugwa kwa taka za sokoni. Hao mabuu wana sifa moja nzuri sana: wana kalsiamu ya kutosha wenyewe, hawahitaji unga.

Mfugaji wa Nyenje, Bondo

Omera, umenigusa. Huku Siaya ufugaji wa nyenje umeshika, hasa tangu chuo kikuu cha Jaramogi hapa Bondo kianze kufundisha watu kufuga wadudu kwa chakula cha binadamu na mifugo. Mimi nina kreti kumi na nne, ndani trei za mayai zimesimamishwa wima wajifiche, na pamba yenye maji wasizame. Nawalisha chakula cha vifaranga na majani. Wanakua kwa wiki saba, nane kukiwa na joto. Je, chakula cha vifaranga kina shida kwa kinyonga? Na je, unanunua wakubwa au wadogo?

Kimbu wa Bahati

Ndugu, kwa kuwakuza hakina shida, endelea. Ila kina protini nyingi, na kinyonga akila protini nyingi huku maji ni machache, figo zinalemewa na anapata jongo: viungo vinavimba, anashindwa kushika tawi. Kwa hiyo mimi wakinifikia nawaondolea chakula cha vifaranga, nawapa mboga na matunda siku hizo mbili za mwisho. Nanunua wa kati, wasio na mabawa bado. Dume mwenye mabawa ananiimbia usiku kucha.

Jambo moja zaidi kuhusu nyenje: usiache hata mmoja kizimbani usiku. Kinyonga akilala hasikii, na nyenje mwenye njaa humtafuna vidole na ngozi.

Mjukuu wa Bukusu, Bungoma

Nimesoma yote nikakumbuka marehemu babu. Sisi hatukuruhusiwa kumgusa. Hadithi ya kwetu inasema hivi: kinyonga alimkuta mtoto wa Maina anakula mlangoni jioni, akamwomba chakula. Yule akamfukuza. Akaomba tena, akafukuzwa tena. Kinyonga akamwambia, basi mimi naondoka, lakini ninyi mtakufa wote. Watu wakaanza kufa. Kisha akaenda kwa nyoka, akaomba, nyoka akampa. Akambariki kwamba hatakufa, atavua ngozi yake akizeeka na kuendelea kuishi.

Kwa hiyo kijijini watu wakimwona hutema mate wakakimbia, na watoto humpiga mawe. Mimi mwenyewe nilimpiga mmoja. Wewe huogopi? Na ni kweli ana sumu?

Kimbu wa Bahati

Asante sana kwa hadithi hii, nimeisoma mara mbili. Hana sumu yoyote, hatemi chochote. Akifura na kufungua mdomo huwa anaogopa, na akikubana kwa taya utasikia kama kibanio cha nguo. Kuogopa siogopi, lakini sasa kila nitakapojaza bakuli la nyenje nitamkumbuka yule mtoto wa Maina.

Turudi kwenye daftari, ambalo ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo.

Kinyonga porini anaishi kwa kujificha. Akionyesha udhaifu, ndege humwona kwanza. Kwa hiyo anaficha ugonjwa mpaka nguvu ya kuficha inapomwishia, na siku unayosema "leo naona anaumwa", ameumwa wiki tatu. Uso wake haubadiliki. Kinachobadilika ni vitu vidogo, na macho yetu yanavizoea upesi mno. Daftari halizoei.

Langu ni daftari la shule la kurasa 96, kila kinyonga na lake. Jumatatu asubuhi kabla ya kula nampima kwa mzani wa jikoni unaosoma gramu. Naweka kijiti juu ya mzani, nasoma sifuri, naye anapanda kijitini mwenyewe bila kushikwa. Mnyama wa gramu 30 akifika 27 ndani ya wiki mbili, amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na kwa macho usingeona lolote. Nikiona hivyo sisubiri Jumatatu nyingine, namwita daktari. Tulishawahi kupata minyoo kwa njia hiyo: anakula vizuri, anapungua. Choo kikaenda maabara, jibu likaja, akapewa dawa kwa kipimo cha uzito wake. Wanaotoka porini wengi wana minyoo, na msongo wa kizimba huwapa minyoo nafasi ya kuzaana.

Choo chake kina sehemu mbili, ya kahawia na nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Ikiwa nyeupe kweli, amekunywa vya kutosha. Ikigeuka njano, na hasa rangi ya machungwa, ana kiu ya siku nyingi. Wageni wa kituo hushangaa kwamba nafurahia choo cheupe. Nafurahia kwa moyo wote.

Kuhusu kiu: usimwekee bakuli la maji. Kinyonga hatambui maji yaliyotulia. Anatambua tone linalong'aa juu ya jani, kwa sababu kwao hivyo ndivyo maji yalivyo, umande na mvua. Nimetoboa chupa ya lita moja kwa sindano, nimeining'iniza juu ya kizimba, inadondoka tone moja moja juu ya majani kwa muda mrefu asubuhi na jioni. Baadhi huanza kunywa baada ya dakika kumi na tano hivi, kwa hiyo wanaonyunyiza mara mbili na kuondoka huwa hawajawanywesha. Natumia maji ya mvua. Visima vya upande huu wa Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, tunaiona kwenye meno ya watoto wetu, na sikutaka kujaribu kwa mnyama wa gramu thelathini.

Kisha macho. Mchana macho ya kinyonga mzima hayatulii, moja linaangalia mbele lingine nyuma. Akifumba mchana, hata moja, hata kwa dakika chache, naandika saa. Macho yaliyozama ndani ni kiu. Macho yaliyovimba naulizia vitamini A au uambukizo.

Mshiko. Vidole vyake vimegawanyika kama koleo, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Mnyama mzima akipanda mkononi unahisi anakubana. Mwaka juzi niliandika "mshiko mguu wa nyuma kulia: legevu kidogo" siku ya Alhamisi, na Ijumaa nikarudia kuandika hivyo hivyo. Hakuna mwingine kituoni aliyeona. Tulimtoa juani nje muda mrefu zaidi, tukapitia upya ratiba ya unga, na mguu ule ukarudi kabla haujapinda. Ndiyo mara ya kwanza nilihisi nimemlipa yule wa kwanza kitu.

Na ulimi. Kila mlo nahesabu: amerusha mara ngapi, amepata mara ngapi. Ulimi wake unaweza kufika umbali unaozidi urefu wa mwili wake, na kurusha namna hiyo kunahitaji misuli inayopata kalsiamu ya kutosha. "4 kwa 4" ni wiki njema. Nikiona "5 kwa 3" mara mbili mfululizo, nasimama na kujiuliza.

Kwa majike kuna ukurasa wa ziada. Hawa wetu wa kofia hawatagi mayai, wanazaa watoto hai, na mimba huchukua miezi. Jike mjamzito anakula sana, kisha karibu na kuzaa anapunguza au anaacha na kuzunguka kizimba. Bila daftari utadhani ni ugonjwa, au vibaya zaidi, utadhani ugonjwa ni mimba.

Msitu Kakamega

Huku kwetu wapo wadogo wembamba wenye mistari ubavuni, nawaona kwenye vichaka kando ya shamba la chai. Mwalimu alitufundisha kinyonga hubadilika rangi afanane na alipokaa. Je, rangi inaweza kusaidia kujua afya?

Kimbu wa Bahati

Ndugu wa Kakamega, huyo wako huenda ni Trioceros ellioti, naye huzaa watoto hai. Mtazame hapo hapo alipo.

Hilo la kufanana na alipokaa tumefundishwa wote, ila sivyo. Kijani chake cha kawaida kinamficha majanini, lakini kubadilika kwenyewe ni kwa joto, hofu, hasira, na mambo ya dume na jike. Mwaka wa 2015 watafiti wa Geneva, wakichunguza kinyonga wa Madagaska, walieleza kwamba ndani ya seli za ngozi kuna vifuwele vidogo mno, naye akivisogeza mbali au karibu, mwanga unaorudi unabadilika rangi.

Kwa afya, rangi ina maana ukiijua pamoja na saa. Saa moja asubuhi Nakuru kuna baridi, naye amekuwa mweusi ubavu mzima akiuelekeza kwenye jua. Anajipasha joto, ni mzima kabisa. Saa saba mchana joto likiwa juu na bado ni mweusi, hapo kuna jambo. Akiwa amepauka mchana na mdomo wazi, joto limemzidi. Akiinua kichwa na kufungua mdomo wakati hakuna joto, na unaona mapovu au ute, hayo ni mapafu, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Usiku hupauka akilala, na hilo ni jambo la kheri kwa wanaopenda kuwahesabu: mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa kichakani kama karatasi.

Nyar Nam, Kisumu

Kaka, nimesoma uzi wote usiku huu nikitetemeka. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja alikwenda kwa nyanya yake Molo likizo, akarudi na kinyonga mwenye kofia kama huyo unayemweleza. Amemficha chumbani siku tisa. Mimi nimejua leo. Amekaa na mdomo wazi mchana kutwa, amepauka, hali kitu. Mtoto analia, anasema amemwekea bakuli la maji. Sitaki kushtakiwa, lakini sitaki pia afe mikononi mwa mtoto. Nifanye nini?

Kimbu wa Bahati

Mama, asante kwa kuuliza. Mwambie mtoto hajafanya kwa ubaya.

Molo iko juu sana, usiku kuna baridi kali, na mwili wa mnyama huyu umeumbwa kupoa kila usiku. Kisumu iko karibu na mita 1,130 tu, mchana digrii 29 au 30 na usiku haishuki vya kutosha. Chumba cha mabati ni zaidi. Joto ndilo linalomuumiza kwanza, kiu ya pili, njaa ya tatu. Kwa hiyo usimlazimishe kula.

Sasa hivi: mtoe chumbani, mweke mahali penye kivuli na upepo, juu ya tawi lenye majani, ndani ya kitu chenye wavu. Dondosha maji juu ya majani mbele ya mdomo wake polepole, kwa nusu saa. Usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni. Usimweke kwenye friji wala maji ya barafu. Usimshike zaidi ya lazima. Asubuhi mapema kabla ya jua, pigia simu ofisi ya KWS ya Kisumu, ueleze yote bila kuficha, hasa kwamba ametoka Molo, ili arudishwe kwao na si kuachiliwa hapo. Kinyonga wa Molo akiachiliwa Kisumu hatafika mbali.

Tuandikie.

Nyar Nam, Kisumu

Kaka, siku nne zimepita, nilitaka niwe na la kusema.

Usiku ule alikunywa. Tulikaa na mwanangu chini ya mwembe na chupa iliyotobolewa, na karibu na saa nne akaanza kutafuna matone, taratibu, koo likipanda na kushuka. Mtoto alishika pumzi. Alfajiri nikapiga simu. Walinisikiliza vizuri, wakaniambia nimpeleke asubuhi hiyo hiyo, wakaandika alikotolewa. Jana wakanijulisha amefikishwa upande wa Molo na kuachiliwa. Alipanda tawi mwenyewe.

Mwanangu alinyamaza siku nzima. Jioni akaomba daftari la kurasa 96. Nyanya yake amekubali kumshikia simu yenye tochi akienda tena likizo ya Agosti, watembee kando ya ua usiku bila kugusa. Lakini hakuweza kungoja Agosti, akampigia nyanya jana usiku na kumtuma atoke nje na tochi. Nyanya, ambaye miaka yote humtupia kinyonga majivu, ametoka. Nakunakilia alichoandika mtoto:

"Ijumaa. Saa mbili na nusu usiku. Baridi, nyanya amevaa koti mbili. Ua wa upande wa zizi: 3. Wakubwa wawili, wamelala, weupe. Mmoja mdogo kama njiti ya kiberiti. Nyanya anasema mkia amekunja."